Ploti ya Shianda Niliyoiandika kwa Jina la Ndugu Yangu

Admin, tafadhali nifichie jina, maana watu wa kwetu wengi wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka sitini na miwili, mzaliwa wa Kakamega, fundi wa nguo. Nina binti mmoja, ameolewa. Nyumba ninayolala ni ya kupanga. Nimekuwa mpangaji karibu maisha yangu yote, na wakati mmoja mimi ndiye niliyekuwa mwenye nyumba. Mnisamehe nikirefusha.

Miaka ya tisini nilikuwa nimeachana na mume wangu, nikawa nashona yunifomu za shule kwenye veranda ya duka moja pale Shianda. Kila jioni niliwaona wafanyakazi wa kiwanda cha sukari wakipita na baiskeli kurudi makwao mbali, na wakata miwa wakiulizia vyumba hadi kwa wenye hoteli. Vyumba havikuwepo. Nikajiambia, nikipata kipande cha ardhi karibu na barabara, nitajenga vya kupangisha. Mambo ya ploti sikuyajua hata kidogo. Nilijua kushona na kujinyima tu.

Nilimpata mzee mkulima wa miwa aliyekuwa anauza pembe ya shamba lake. Tulikubaliana, nikamlipa. Lakini siku ya kwenda mbele ya bodi ya ardhi akanigeukia. "Mama, wewe umetoka kwa mume. Kesho akija na panga kudai, nitamwambia nini? Lete mwanamume aandikwe."

Nikamwendea ndugu yangu mdogo, nimwite Boaz, ingawa si jina lake. Mimi ndiye niliyemshonea hadi suti ya harusi. Akaniambia, "Dada, usilie kwa kitu kidogo hivyo. Tuandike jina langu, mambo yakitulia tutabadilisha." Hati ikatoka kwa jina lake, akakaa nayo. Nikamshukuru mbele ya mama yetu.

Kujenga nilijifunza kwa makosa. Nilijenga vyumba vinne, nikaelekeza milango upande mvua inakotoka, maji yakaingia hadi chini ya vitanda vya watu. Nilisahau kuacha nafasi ya choo, ikabidi nimsihi jirani anikatie ukanda mdogo. Fundi alinikimbia kabla ya kupiga plasta, nikaipiga mwenyewe pamoja na binti yangu, mikono ikachubuka na simiti. Lakini wapangaji walikuja. Nikaongeza vyumba vingine viwili, nikahamia kimoja na cherehani yangu. Jamani, asubuhi nilikuwa nafagianga ule uwanja polepole makusudi, watu wanaopita waone kwamba ni wangu.

Kila nilipomuuliza Boaz habari ya hati, alisema, "Iko salama, dada. Kwani huniamini?" Nikaona aibu kuuliza tena.

Asubuhi moja mpangaji wangu akaja kwangu akiwa na wasiwasi. "Mama, kuna mtu huko nje. Anasema kuanzia mwezi huu kodi ni yake." Nikatoka. Nikamkuta mwanamume mpole, amevaa kofia, ana hati mkononi. Boaz alikuwa amemuuzia ploti pamoja na vyumba, pamoja na mimi ndani. Yule mtu hata hakujua. Alipoelewa, alivua kofia akasema, "Pole sana, mama, lakini mimi nimenunua."

Jumapili hiyo nilienda nyumbani kwa wazazi wetu. Boaz hakukana kwamba ameuza. Alisema tu, "Dada alinisaidia kujenga, na mimi nilimshukuru. Ploti ilikuwa yangu, someni jina." Nikamgeukia mama aliyekuwa anachambua maharagwe. Bila kuinua macho akaniambia, "Mwanangu, mwenzako ana boma. Wewe una binti, naye ataolewa. Usituletee kesi hapa."

Boaz alinunua pikapu. Ilipitanga sokoni mbele ya cherehani yangu imebeba makreti ya soda, akinipigia honi kama salamu. Mimi nilikaa mwaka mzima kwenye kile chumba, nikilipa kodi kwa chumba nilichokipiga plasta kwa mikono hii. Baadaye nikahamia upande wa Chekalini, nikashona hadi binti akamaliza shule. Sikujaribu tena kununua ardhi. Nilikuwa nikisikia mtu anataja hati, naondoka hapo.

Sasa baba amefariki, na shamba lake bado liko kwa jina lake. Jumamosi iliyopita Boaz alikuja kwangu, ana mvi, pikapu haiko tena. Nilimpikia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, akala vizuri. Kisha akatoa barua ya chifu yenye majina ya warithi, mama na sisi wawili, na fomu ya wakili. Bila sahihi yangu ya kukubali kwamba sitaki sehemu, shamba haliwezi kuwa lake. Anataka kuuza upande mmoja atibiwe figo. Kuhusu Shianda hakusema hata neno. Nilipoitaja, alisema, "Dada, hayo ni ya zamani. Sisi ni watu wa kanisa."

Mama yuko hai, anaishi kwenye shamba hilo. Ananipigia simu kila siku, analia: "Usimuue ndugu yako." Binti yangu naye anasema nikiweka sahihi nitakuwa nimejidharau mara ya pili.

Ukweli ni kwamba shamba silitaki. Ninachotaka ni Boaz akae mbele ya mama aseme kwa mdomo wake kwamba ile ploti ilikuwa yangu. Nilimwambia hivyo. Alikunja fomu, akavaa koti, akasema atarudi Ijumaa.

Leo ni Jumatano. Nyinyi mnaosoma, nikimnyima na figo zimuue, nitaishi vipi? Nikimpa, nitaishi vipi? Niambieni, hata kama maneno yataniuma: niweke sahihi au nikatae?