Mkono Uliokata Kufuli la Deo

Admin, nifiche jina, ila maneno yangu yaache yalivyo. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Ujiji, fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha mawese hapa Kigoma. Baba alishafariki, kwa hiyo walii wa mdogo wangu wa kike ni mimi. Ijumaa hii namuozesha, na bwana harusi mwenyewe hata kumtazama usoni siwezi.

Ni mkuu wetu wa zamu. Nitamwita Bwana Harusi, maana cheo kingine hakistahili. Fundi wa shati jeupe, kucha safi kama za mwali. Spana anaishika wageni wakija kiwandani, apigwe picha. Nyumbani kwetu sasa! Mama akisikia hodi yake tu, anakimbilia kitambaa cha meza.

Kiwandani tuna desturi moja isiyo na mzaha. Kila fundi ana kufuli lake. Kabla hujaingiza mikono kwenye mashine unazima swichi kubwa, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unakaa mfukoni mwako. Halifungui mtu mwingine, hata awe mwenye kiwanda. Kufuli likiwa pale, maana yake kuna mtu ndani.

Deo (si jina lake) alikuwa fundi mwenzangu, Mrundi, aliyevuka na mkewe miaka ile watu wanakimbia kwa makundi. Siku moja alikuwa anabadilisha beringi kwenye mashine ya kukamulia, na kufuli lake jekundu liko kwenye swichi. Wakubwa walikuwa njiani, Bwana Harusi hakutaka wakute mashine imelala. Aliita mara moja, Deo hakusikia kwa kelele za boila. Basi akachukua msumeno, akalikata kufuli. Mimi natoka stoo nimebeba beringi, namwona kwa macho yangu. Nilipiga kelele, lakini alishawasha.

Deo alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Mnajua yule mwanaume alifanya nini? Alimwambia meneja kwamba mkimbizi hakufunga kufuli, hawa watu hawafundishiki. Deo akafukuzwa na bandeji yake mkononi, akarudi kambini. Nilipomfuata huko alinipa amahoro, salamu yao ya amani, kama kawaida, akanipisha kwenye kigoda chake. Kisha akasema, "Mwenzangu, nililifunga. Nataka tu waseme nililifunga." Hakuniomba kingine.

Lile kufuli lililokatwa nililiokota, ninalo, ila kwa meneja bado sijalipeleka. Niliwaonyesha nyumbani. Mama akasema Mrundi ni mpita njia, shemeji ni wa kudumu, nisimwaibishe mtoto wa watu na kadi zimeshagawiwa. Mama yangu huyuhuyu, ambaye sunna haimpiti! Mdogo wangu alilia, halafu akaniuliza kama namwonea mchumba wake wivu wa cheo. Wivu, kwa kituko kile? Nilitoka nje nisije nikasema neno la kujutia.

Jana Bwana Harusi mwenyewe alikuja, na manukato yake, akanivuta pembeni. "Shemeji, vidole vimeshaondoka, havirudi. Tujenge familia." Akanipa mkono. Nikauacha hewani, nikaingia zangu ndani.

Lakini Ijumaa siwezi kuuacha hewani. Mbele ya shehe nitaambiwa niushike mkono wake wa kulia, vidole vyote vitano vipo, nitamke kwa kinywa changu kwamba nimemuozesha mdogo wangu. Nikilipeleka kufuli kwa meneja kabla ya hapo, harusi imekufa, na mama ameshaapa kwamba radhi zake sitazipata. Nikinyamaza, Deo atabaki kuwa yule mkimbizi asiyefundishika, na mdogo wangu atalala na mtu aliyeona kufuli la mwenzake na bado akachukua msumeno.

Ndugu zangu mnaosoma, wenye dada na wasio na dada, niambieni bila kunionea haya. Mngekuwa mimi, mkono ule mngeushika?