Jora la Maua ya Njano

Enzi zetu nguo haikununuliwa, ilishonwa. Wenzangu mliokua tukichuma pareto, kabla chai haijafunika kila mteremko huku Nyamira, mnajua ninachosema. Pareto ikilipwa, mama alijifunga kitambaa kichwani, akashuka sokoni Nyaramba na kurudi na jora la kitambaa begani. Hakununua vipande, alinunua jora zima, na nyumba nzima tulivaa kitambaa hicho hicho mpaka kiishe.

Mwaka mmoja, kabla sijaanza shule, mama alichagua popolini ya buluu yenye maua ya njano. Mimi na dada yangu Nyaboke tukashonewa magauni ya marinda. Kaka yetu Ombati akashonewa shati. Ndiyo, shati la maua! Alilia, akagoma kula, akasema heri aende kanisani kifua wazi. Mama alimsogezea tu sahani ya matoke. Baba ndiye aliyenusurika, kwa sababu mzee wa kanisa lazima avae koti. Kitambaa kilichobaki kikawa pazia la sebuleni, hata mgeni akiingia ilimbidi atazame mara mbili ajue lipi dirisha na yupi mtoto.

Fundi wetu alikuwa Mzee Nyakundi, kwenye veranda ya duka, chaki imekaa sikioni. Alikugeuza huku na huku akivuta tepu yake, kisha akamuuliza mama wala si wewe.

"Mama Nyaboke, huyu nimwachie kiasi gani?"

"Acha cha kutosha. Huyu Moraa anakimbilia juu."

Basi gauni lilikuja na pindo nene chini, pindo jingine kiunoni, na kitambaa cha akiba kwenye mishono ya ubavuni. Mara ya kwanza lilinifika vifundoni, nikawa nalikanyaga nikipanda kilima. Nikilalamika, mama alisema, "Vaa tu. Utalifikia." Na kweli nililifikia. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, alikaa mlangoni kwenye mwanga, akafumua pindo kwa wembe na kushona jingine jembamba zaidi. Pale palipokuwa na pindo la zamani palibaki mstari wa buluu iliyokolea. Watoto wote darasani tulikuwa na mistari yetu, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Adui mkubwa wa magauni hayo alikuwa mgomba. Mvua ikinyesha tulikalia magome ya migomba na kuteleza mteremkoni mpaka mtoni, tukipiga kelele, matope mpaka kwenye kope. Gauni likitoboka makalioni, mama alifungua mkebe wa biskuti alimohifadhi mabaki ya jora na kutia kiraka. Maua yalikutana na maua. Ilibidi mtu akuinamie sana ndipo aone palipotoboka, na sisi tulikuwa tumefundishwa kutoinamiwa ovyo.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya makambi. Wasabato wenzangu mnajua makambi ya kanisa ya Agosti yalivyokuwa: maturubai uwanja mzima, watu kutoka kila upande wa Gusii, nyimbo tangu alfajiri, harufu ya moshi na viazi vitamu. Nilimfuata mwanamke aliyebeba karai la mandazi. Sikuwa na nia ya kununua, nilifuata harufu tu. Nilipogeuka, Nyaboke hayupo. Kila sketi niliyoishika ilikuwa ya mtu mwingine. Nililia mpaka nikashindwa kulitaja jina la baba.

Mama mmoja aliyetoka pande za Kenyenya alinikuta hapo. Aliniuliza mimi ni wa nani, nami nikajibu kwa kwikwi tu. Hakuuliza tena. Alichuchumaa, akashika pindo la gauni langu, akaligeuza kwenye mwanga. Kisha akanishika mkono, akanipitisha turubai hadi turubai, pindo ameliinua juu watu walione, nami kwa mkono wangu wa pili nikijaribu kujisitiri.

"Nani ameona nguo kama hii?" alipaza sauti. "Watu wa kitambaa hiki wako wapi?"

Bibi mmoja akasema, "Kuna kijana mwenye shati kama hilo kule kwenye mapipa ya maji. Amejificha."

Alikuwa Ombati, nyuma ya pipa, amejificha wasichana wasimwone na maua yake. Aliponiona alisahau aibu yote, akanibeba mgongoni akikimbia mpaka kwa Nyaboke, aliyekuwa akilia kunishinda. Tangu siku hiyo Ombati hakulalamikia shati lile tena. Alilivaa mpaka mikono ikamfika kwenye viwiko.

Mama alikwenda zamani. Ombati akamfuata. Nyaboke tumemzika mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, nami nimebaki peke yangu. Nasema wazi, ni upweke mzito, hasa jioni ya Ijumaa, chakula cha Sabato kikiwa tayari na hakuna wa kumpigia simu.

Mjukuu wangu aliniletea gauni la maua la kuvaa makambini, kutoka Nairobi. Alilichagua kwenye simu, bila kunipima, maana siku hizi wanasema herufi ya saizi iliyo shingoni inatosha. Mabega ni ya msichana wa shule, kiuno ni cha gunia. Nililifua mara moja, rangi ikabaki kwenye beseni. Kule makambini, nilipoinua mkono kwa wimbo wa kwanza, mshono wa kwapa ukaachana. Nililigeuza ndani nitafute kitambaa cha akiba: hamna. Pindo halikunjiki hata upana wa ukucha. Wameweka kifungo kimoja cha ziada kwenye kijifuko, na hata hicho hakifanani na vingine. Vijana wetu suruali zikiraruka magotini huita mtindo. Labda ningejidai nami nimeiga.

Ndipo nikamwona, mbele yangu kwa mgongo, mwanamke mzee amevaa gauni kama langu. Rangi ile ile, maua yale yale. Mguu ukatangulia, na mdomo ukaita, "Nyaboke!"

Aligeuka. Hakuwa mtu ninayemjua. Alilitazama gauni langu, akalitazama lake, akatabasamu kwa aibu na kuhamia benchi la nyuma. Baadaye niliona mwingine, na mwingine tena karibu na lango, wote na gauni lile lile, na hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwenzake.

Nilibaki nimesimama, kwapa nimelibana kwa kiganja, nikimkumbuka yule mama wa Kenyenya. Angenikuta leo, angelishika gauni langu na kuita kama siku ile. Wangeitika wengi. Na kati yao wote, asingepata hata mmoja wa kunikabidhi kwake.