Kigelegele Anachokiweka Sikuzani

Jua halijachomoza Mikumi, na Sikuzani Mwinshehe tayari anamgombeza dereva wa lori aliyemmalizia pilipili. Sauti yake inafika ng'ambo ya barabara ya Iringa. Anachota supu, anageuza chapati, anacheka. Chini ya taya lake la kushoto kuna kovu refu, na wala hajishughulishi kulifunika kwa ushungi.

"Nilifiche nimeiba? Hili ndilo lililonirudisha jikoni," anasema mama ntilie huyo.

Shavu lilipoanza kuvimba halikumuuma hata kidogo. Wateja wakapata utani: "Mama Yusrah, supu yako inakunenepesha upande mmoja!" Naye akacheka nao. Miaka miwili ikapita hivyo hivyo, shavu likijaa taratibu.

Utani uliishia harusini, katika kijiji cha Tindiga. Huko Sikuzani anasifika kwa kigelegele. Bwana harusi hakanyagi mlangoni mpaka apige yeye. Siku hiyo alipoanza tu, jino likacheza, na la pili likafuata.

"Nikakatikia njiani. Watu wote wakanigeukia. Weee, aibu ile!"

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa taya umeliwa vyumba vyumba, kama sega la nyuki. Akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, ambako Daktari Herman, bingwa wa upasuaji wa taya, alichukua kinyama kidogo kikapimwa maabara. Majibu yalipotoka alimweleza kuwa uvimbe umeanzia kwenye chembechembe zinazotengeneza meno. Kwa kawaida hausambai mwilini, lakini unatafuna mfupa. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi.

"Lazima tukate kipande cha taya, mama," akamwambia.

"Nikamjibu, kata mguu, taya niachie! Nani atampigia mwanangu kigelegele siku yake?"

Daktari akashindwa kujizuia kucheka. Kumbe mguu nao ulitakiwa, kwani taya jipya lingejengwa kwa mfupa mwembamba wa mguuni.

Sikuzani alikataa katakata. Aliyemlainisha ni Yusrah, binti yake wa pekee. "Aliniambia, 'Mama, nikuone umekaa pale mbele, hata ukiwa kimya.' Nikalia, nikasaini."

Baada ya upasuaji alikunywa uji kwa mrija miezi kadhaa. Leo anatafuna, anasema, na kila mwaka anarudi kupimwa. Uvimbe haujarudi. Mteja akija na shavu lililojaa, Sikuzani hamkopeshi huruma.

"Usiniambie haliumi!" alimfokea dereva Donati mwezi uliopita. "Langu liliuma?" Donati akaenda kupimwa. Lilikuwa jipu la jino tu, na mpaka leo anamtania kwa hilo. Sikuzani hajutii.

Yusrah anaolewa mpunga ukishavunwa. Kila asubuhi, supu ikichemka, mama yake anafanya mazoezi, ingawa upande wa kushoto bado unavuta.

Anaweka upawa chini, anafumba macho. Sauti inatoka imekatikakatika, kisha inanyooka, inapanda juu ya malori. Madereva wanapiga makofi.

"Acheni makofi yenu," anawaambia, huku akijifuta machozi kwa pindo la khanga. "Hicho ni cha mazoezi. Cha Yusrah sijakitoa."