Muuza Nyenje na Mkia wa Tetere

Muuza nyenje wa kulisha ndege katika soko la ndege, pale Solo, Indonesia, hamsalimii mtu kabla ya kumsalimia ndege wake, na salamu yenyewe ni kumpindua, kumpuliza manyoya ya chini ya mkia na kuchungulia kama ni mzima. Vidole vyake vyembamba vinanuka wadudu, na sauti yake ya kukwaruza haijui kunong'ona. Mzee Wiryo, mwenye tetere wa mashindano ya kuimba, anampenda kwa yote ila hiyo sauti. Kahawa ya Wiryo hupoa mezani kila siku huku mwenyewe yuko chooni anabembeleza matone, na muuza nyenje huona.

Jumatatu moja muuza nyenje alichelewa, akaingia akilitangazia soko zima: "Nimetoka kupimwa tezi dume! Damu kwanza, kisha kidole. Daktari mwenyewe binti, kaniambia nilegee. Jamani, nyenje wangu wanauma kuliko yeye!"

Watu wakaangua kicheko. Wiryo akanuna. "Mimi mwanamume, bwana. Huko nyuma hapaguswi."

"Na tetere wako je, si dume? Kila asubuhi unampekua mbele za watu. Ameacha kuimba?"

Kibofu kikamwahi Wiryo kabla hajajibu. Aliporudi kutoka chooni, akamkuta muuza nyenje amemtoa tetere kizimbani. Muuza nyenje akampindua ndege, akampuliza, akachungulia bila haraka.

"Huyu mzima," akamwambia Wiryo, safari hii kwa sauti ya chini kabisa. "Mwenye ndege ndiye sijui."