Sehemu Iliyoachwa Wazi

Kila Jumatatu yule askari mstaafu hufika kwenye duka la Nazia pale Kibiti, duka la kuchapa na kutoa kopi, na hakai. Nazia humsogezea kiti, naye hushukuru, kisha husimama ubavuni mwa mlango akizungusha pete kidoleni, akichungulia barabarani kila pikipiki inapopita. Karatasi zake huzikunja zikawa ndogo kama hirizi, akazikunjua, akazikunja tena. Maombi yake ya fidia ya ulemavu yamerudishwa mara mbili, kwa kuwa aliandika mguu tu, na madaktari wameona mguu umepona.

“Afande, hapa wanauliza habari za akili,” Nazia alimwambia wiki hii. “Tuache wazi tena?”

“Acha. Mimi si mwendawazimu.”

Safari hii alikuja na mkewe, Mwanaamina, naye akasogea mezani. “Andika, mwanangu,” alisema taratibu. “Tangu arudi vitani tumepata wajukuu watatu, na hajampakata hata mmoja. Akiletewa mtoto, anatoka nje.”

Pete ikatulia.

“Kule nilimbeba mtoto,” askari akasema, macho yangali barabarani. “Kilomita sita. Nikidhani amelala. Andika hivyo hivyo, binti. Usipambe.”

Nazia akaandika. Mwanaamina alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Miaka yote hiyo alidhani mumewe hawapendi wale watoto.