Giza la Matangazo

Nilisoma hadi darasa la tatu, basi. Kiingereza nilikiokota mpakani, Busia, nikibeba magunia, na kwa Kiingereza hicho nilijenga kibanda cha video, nikasomesha watoto wangu wote. Mimi ndiye niliyekuwa vijei: nilikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, wazungu wanasema yao, mimi nawaambia watu kwa Kiswahili. Nisipoelewa, nilitia chumvi. Hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio.

Vijana walitaka ngumi. Lakini alasiri niliwawekea wazee filamu za mwigizaji mmoja, mzungu, zamani mtu mkubwa wa sinema. Uzee ulipomfika akabaki na zile filamu ndogo zinazotengenezwa kwa televisheni tu. Mara jaji mstaafu, mara daktari wa kijijini, mara babu anayemtafuta mwanawe. Hapigi mtu. Anakaa kitini, anafikiri. Filamu hizo nilizijua kwa jambo moja: kila baada ya muda kioo kinaingia giza kidogo, kisha hadithi inaendelea palepale. Kwao hapo huweka matangazo. Kwangu, hapo ndipo mke wangu alipita na beseni la karanga.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja: stering, yule mwenye filamu yake, hafi. Yule mzee akifumba macho kitandani, nilitangaza kwamba amelala, kesho ataamka. Watu walikwenda nyumbani wameridhika.

Siku hizi kila mtu ana simu. Kibanda kilikufa, tukarudi kijijini kwetu Iyolwa kulima, filamu nikabaki nazo. Mke wangu aliposhikwa na saratani ya tumbo, niliingiza televisheni chumbani kwake. Nilimpeleka hospitali Tororo, nikamvusha hadi Kenya, kila safari gari la kukodi, na kila safari anarudi mwepesi zaidi. Watoto walisema tumpumzishe. Niliwafokea. Mimi sijawahi kushindwa na kitu, nitashindwa na tumbo?

Jioni moja, kesho yake tukiwa na safari nyingine ya Tororo, niliweka filamu ambayo kibandani niliionyesha mpaka nikaichoka. Mzee ni mgonjwa, binti yake anafunga mizigo ampeleke hospitali. Mke wangu alikuwa amelala kiubavu, anatazama.

"Leo anakufa?" akaniuliza.

"Stering hafi, mama."

"Mimi si mteja wako. Tafsiri, na usitie chumvi. Ukitia chumvi unapaza sauti kama mtu wa mnada, nakujua."

Kwenye kioo mzee alimshika binti mkono, akasema naye polepole. Kila neno nililielewa. Kibandani, hapo nilikuwa nasema: anamwambia binti aite gari upesi.

Nikamrekebishia shuka.

"Baba, anasema nini?"

"Anasema... anasema asipelekwe tena. Amechoka na njia. Anataka kukaa kwake, asikie kuku wake."

Kioo kikaingia giza. Lile giza la matangazo. Chumba nacho kikawa giza, na humo ndani mke wangu akasema, "Na mimi."

Hadithi ikarudi. Binti anafungua mizigo, anarudisha nguo kabatini. Sikutafsiri, na yeye hakuuliza.

Asubuhi dereva akapiga honi. Nikatoka.

"Mzee, mgonjwa yuko tayari?"

"Hatuendi."

"Leo tu, ama?"

"Hatuendi tena. Geuza gari."

Akacheka, akidhani natania. "Ai, wewe? Wewe ambaye hata kwenye dama hukubali kufungwa?"

"Geuza gari, kijana."

Kicheko kikamwisha. Akageuza. Nilisimama pale mpaka vumbi likatua, kwa sababu sikutaka kuingia ndani na uso niliokuwa nao.

Mke wangu alikaa nasi mpaka karanga zikang'olewa. Za kwanza nilizikaanga mwenyewe, nikaziunguza, akanisema, akala punje chache hivyo hivyo. Tukawa tunatazama filamu za yule mzee bila sauti, yeye akitaka kusikia kuku.

Siku alipofumba macho, wajukuu walikuja mlangoni wakaniuliza kama bibi amelala. Niliwaambia amekufa.