Nyota Yenye Mkia Kando ya Jua

Enzi zetu kule Newala, mtoto mwenye macho makali alikuwa mali. Wa rika langu mtakumbuka: makopa yameanikwa uani, harufu ya muhogo mkavu kila mahali, kuku na vifaranga wanazurura, nasi tumepewa kazi ya kuwalinda na mwewe. Mjanja yule alitokea upande wa jua ili asionekane. Bibi yetu mzaa mama alitufundisha kujibanza ukutani mpaka ukingo wa paa ulifiche jua, ndipo utazame pembeni yake. "Lifiche jua kwanza, wewe, utamwona!" Wa kwanza kumwona alipewa ukoko wa ugali, tena wa moto. Aliyepiga kelele kumbe ni kunguru, alichekwa hadi jioni. Mimi nilichekwa sana.

Siku hizi niko Masasi, mwalimu mstaafu, na wajukuu wameshaamua kwamba macho yangu yamechoka. Hao hao wasioona sufuria inaungua kwa sababu ya simu! Mmoja wao, Salma, alinionyesha kwenye simu hiyo picha za chombo kilichoko angani, kinacholitazama jua kutwa kucha. Nilicheka. Kumbe nao wenye chombo wameweka kisahani mbele ya jua kulificha, kama sisi na paa letu. Pembeni yake hupita nyota zenye mkia, zinalikimbilia jua na nyingi huungua huko huko. Picha ziko wazi kwa yeyote, na wa kwanza kuona nyota mpya na kutoa taarifa ndiye mgunduzi.

Nilitafuta wiki nyingi, nikawatumia taarifa za vidoa ambavyo kumbe si nyota. Asubuhi moja kidoa kikasogea, picha baada ya picha, kwenye mstari mmoja.

"Bibi, hilo vumbi," Salma akasema.

"Vumbi gani linajua njia?" Nikatuma. Nilitaka mno niwe wa kwanza, angalau safari hii.

Jibu likaja siku ya tatu: ni nyota kweli, na hakuna aliyenitangulia. Salma akanipongeza, akanipiga picha, akarudi kwenye simu yake. Zamani kelele moja ingewatoa nje watu wa ua mzima. Basi nikatoka mwenyewe kumwambia jirani yangu, Mama Zuhura, aliyekuwa akibangua korosho. Hakuuliza kitu. Alipiga vigelegele mpaka bodaboda wakasimama, ndipo akasema, "Haya Mwalimu, iko wapi tuione?"

"Imeshaungua, tangu juzi."

Akanitazama, kisha akapiga vigelegele tena.